Midomo ya Eufrazia

Mimi ni kiziwi. Nakuambia mapema ili usije ukaanza kunipigia kelele. Wateja wangu wengi ndivyo wanavyofanya. Mtu anafika hapa Mwembesongo, anaona karatasi aliyoibandika binti yangu Sharifa kwenye meza ya vitumbua, "Muuzaji hasikii, onyesha kwa vidole unataka vingapi", anaisoma mpaka mwisho, halafu anapanua mdomo kama anaita ng'ombe. Mdomo ukipanuliwa hivyo hausomeki. Angesema taratibu tu, kama anavyosema na mkewe, ningemwelewa neno kwa neno, maana masikio yangu yalihamia machoni zamani, na aliyeyahamisha ni kiwanda.

Sikuzaliwa hivi. Nimezaliwa Bigwa, chini ya mlima, nikapewa jina la Semeni, nikasoma mpaka darasa la saba, nikaolewa na Selemani wa mashamba ya miwa, mume ambaye alikuwa akirudi nyumbani pale anapokumbuka kwamba ana nyumba. Mwaka themanini na tatu nikaandikwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Jina lake silitaji, kimeshabadilisha wenyewe mara nyingi, sitaki mtu aje kuniuliza hapa nilikuwa namsema nani. Wakanipeleka ukumbi wa kufumia. Mashine zaidi ya mia, zote zinapiga kwa pamoja, sakafu inatetemeka, vumbi la pamba linaelea mpaka kwenye kope. Siku ya kwanza nilitoka nalia. Nilimwambia mama sirudi tena kule, na mama akaniuliza watoto watakula nini.

Aliyenifundisha kuishi mle ndani ni Eufrazia. Alikuwa Mluguru wa Mgeta, mrefu, mwembamba, rozari shingoni, na mchokozi hasa. Mashine zake zilikuwa zinatazamana na zangu. Siku ya pili alinigusa bega, akauonyesha mdomo wake kwa kidole, akasema kitu. Sikusikia. Akarudia. Mara ya tatu nikaona anachosema: "Usinisikilize. Niangalie."

Wafumaji wote walikuwa wanaongea hivyo. Sauti mle ilikuwa haina kazi, hata ungepiga yowe mtu wa pembeni yako asingejua. Kwa hiyo unasema kwa midomo, polepole kidogo, na mwenzako anasoma. Palipo na utata mkono unasaidia. Maneno baba na mama, ukiyatazama mdomoni, ni kitu kimoja, kwa hiyo ukisema baba unashika kidevu, ukisema mama unagusa kifua. Kugusa kilemba maana yake supavaiza yuko nyuma yako. Miezi sita ilipoisha nilikuwa nasoma midomo ya mtu aliye upande wa pili wa ukumbi, na nilikuwa naota ndoto zisizo na sauti.

Basi tulipiga soga, mimi na Eufrazia, muda wa saa nane kila siku, huku mikono inaunga nyuzi zilizokatika. Mimba yake ya Rahel, bintiye, aliniambia mimi kabla hajamwambia mumewe. Mimi nilimweleza Selemani alivyoleta mwanamke mpaka kwenye duka la jirani yangu, nikasema na matusi yote, kwa starehe, maana hakuna aliyesikia. Eufrazia alikuwa na ulimi. Akimwona mtu wa ofisini amevaa suruali fupi alikuwa ananiambia, "Mwangalie, shoga, miguu imetoka kwenda kuomba radhi," nami nacheka mpaka uzi unanikatikia. Asha wa Mafiga, ambaye mashine zake zilikuwa za tatu kutoka kwetu, alikuwa anadandia katikati, anataka arudiwe habari tangu mwanzo. Tukamwita Mama Redio.

Na mazungumzo yale hayakuishia getini. Msibani, wanawake wengine wamekaa kimya kwa heshima, sisi wawili kila mmoja yuko kwenye kona yake ya mkeka tunasemezana. Sokoni yeye yuko kwenye njegere mimi niko kwenye dagaa, tunaulizana bei. Wifi yangu alikuwa anasema tunaroga. Acha aseme. Raha ya kuwa na mtu unayeweza kumwambia kila kitu, popote, bila mwingine kuingilia, ni wachache wanaoijua, na mimi niliijua kwa miaka kumi na minne.

Masikio yalianza kuniacha kwenye mwaka tisini na mbili hivi. Kwanza nikawa sisikii adhana ya alfajiri, nikadhani muadhini amehama. Halafu Sharifa ananiita kutoka uani, simjibu, analia kwamba mama ana kisirani. Ndani ya ukumbi wa kufumia hakuna aliyejua, maana mle sote tulikuwa viziwi. Lakini nje ya ukumbi kulikuwa na daktari wa kiwanda, na kulikuwa na sheria yao: mfumaji asiyesikia king'ora cha hatari haruhusiwi kukaa na mashine. Nilikaa na hofu hiyo mwezi mzima. Halafu nikamwambia Eufrazia, kwenye mashine, kwa midomo. Nilisema, "Sisikii tena. Siyo humu tu. Hata nje." Nikagusa sikio mara mbili.

Hakuniambia pole. Aliniangalia, akasema, "Anajua nani?" Nikasema yeye tu. Akasema, "Basi ibaki hivyo hivyo." Kuanzia siku ile alikuwa masikio yangu. Mtu akiniita kwa nyuma, Eufrazia alikuwa anainua kidevu, nami nageuka kana kwamba nimesikia. King'ora cha kubadilisha zamu kikilia anavuta kanga yake. Kwenye mikutano ya wafanyakazi alikuwa anakaa mbele yangu kidogo, amegeuza shingo, ananirudishia hotuba nzima kwa midomo, na katikati ya hotuba anachomeka utani wake. Kugusa sikio mara mbili ikawa alama yetu sisi wawili ya jambo hilo. Hata Asha hakuambiwa.

Nikwambie ukweli, niliwahi kufikiri kwamba hata nikiziba kabisa sitapungukiwa kitu, ilimradi yule mwanamke yupo.

Halafu ikaja ile ruksa ya biashara. Kila mtu alete anachotaka, auze anapotaka. Sisemi ilikuwa mbaya, hata mimi nilinunua viatu vya mtumba na nikavipenda. Lakini sisi ndio tuliokuwa tunafuma khanga, na khanga za nje zikajaa sokoni, nyepesi, rangi kali, bei ya chini. Ukienda gulioni unakuta wanawake wa kiwandani wenyewe wanapigania marobota ya mitumba. Eufrazia alinionyesha gauni moja alilonunua, akasema, "Shoga, hapa najinyonga kwa kamba nzuri." Tulicheka. Ghala la kiwanda likajaa vitambaa visivyonunuliwa, zamu ya usiku ikafutwa, mashine zikawa zinazimwa moja moja. Ukumbi ukaanza kuwa na kimya, na mimi peke yangu ndiye sikujua.

Mwaka tisini na saba wakasema kuna mwekezaji. Kabla ya kununua anataka watu wapunguzwe. Tukajifunza neno ridandansi, hata waliokuwa hawajui kusoma walilisema bila kukwama. Ukumbi wa kufumia ulitakiwa ubaki na nusu ya watu. Supavaiza wetu, Bwana Hatibu, ndiye aliyeambiwa apeleke majina. Hatibu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga tu, na mwoga ukimpa orodha ya majina anakuwa hatari kuliko mtu mbaya.

Nilikuwa na watoto watatu na sina mume wa kumtegemea. Nilimwambia Eufrazia, "Wakinipima masikio nimekwisha." Akasema, "Hawatakupima. Nyamaza, fanya kazi." Nikanyamaza.

Ofisi ya Hatibu ilikuwa kibanda cha vioo juu ya ngazi fupi, mwisho wa ukumbi, ili atuone wote. Alhamisi moja niliinua macho kutoka kwenye mashine nikaona Eufrazia anapanda ngazi zile. Hakuwa ameniambia kama anakwenda. Nikaona anaingia, anageuka, anaufunga mlango taratibu, anauvuta mpaka unabana. Hatibu alikuwa amesimama, ametupa mgongo sisi wa ukumbini. Eufrazia akasimama mbele yake, uso wake upande wangu.

Nilisoma kila neno. Nataka uelewe hapo, maana wengine nikiwasimulia wanasema labda nilikosea. Sikukosea. Midomo ile niliisoma miaka kumi na minne, naijua kuliko midomo ya mama yangu. Alisema, "Semeni hasikii." Hatibu akatikisa bega, nadhani aliuliza kitu. Akasema, "Miaka mitano sasa. Nakuhakikishia. Mpeni mtu ampime." Na wakati anasema, kwa mazoea yake, maana mikono ya mfumaji haijui kutulia hata penye kimya, akagusa sikio lake mara mbili.

Alifunga mlango. Mpaka leo jambo hilo ndilo linalonichoma. Katika kiwanda kizima alikuwepo mtu mmoja ambaye mlango uliofungwa kwake si kitu, na yeye ndiye aliyemfundisha mtu huyo kusoma. Aliogopa wenye masikio, akanisahau mimi.

Uzi ulikatika kwenye mashine yangu, sikuuona. Kitambaa kilikwenda na mpasuo mrefu, mpaka Asha akaja kunisukuma. Aliniuliza nina nini, nikamwambia kichwa. Eufrazia aliposhuka alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Leo joto." Nikasema, "Sana."

Jumatatu daktari akaniita. Wiki iliyofuata nikapata barua. Wenzangu barua zao zilisema kampuni inapunguza wafanyakazi. Yangu ilisema naachishwa kwa sababu za kiafya. Barua za namna hiyo zilikuwa mbili tu katika idara nzima, yangu na ya Ignas, aliyepoteza vidole kwenye mashine ya kusokota. Sisi wawili tuliitwa dirishani mwanzo, tukalipwa, tukaondoka. Wale wengine walipofikia dirisha waliambiwa fungu limekwisha, wasubiri, na wamepigwa danadana miaka mpaka wengine wamekufa. Watu waliniambia nina bahati. Nilisema bahati gani ya mtu aliyechongewa na rafiki yake. Niliisema moyoni tu.

Eufrazia alibaki kazini.

Alikuja nyumbani siku ile ile ya barua. Akakaa kwenye kigoda changu, akanishika mkono, akasema, "Pole, mwenzangu." Nilisubiri aendelee. Niliyakodoa macho kwenye ule mdomo nikisubiri useme chochote, useme mimi ndiye, useme nisamehe, useme nilikuwa na sababu. Ukasema watoto wanaendeleaje. Nikamwambia wazima. Nikampa chai, maneno sikumpa. Na tangu hapo ikawa hivyo.

Unadhani aliacha kuja? Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anatembea kutoka Bigwa, alikopanga chumba, mpaka hapa kwangu. Kiwanda chenyewe kilimweka mwaka mmoja na nusu tu, mwekezaji akakifunga, naye akaanza kuuza mboga kutoka kwao Mgeta. Aliniletea makabichi, mara njegere. Akakaa, akanipa habari za mji mzima: nani kazaa, nani kakimbia, padri kasema nini, Ignas kafungua duka la mkaa na anakupunja kwa vidole vilivyobaki. Mimi nilikuwa namjibu neno moja, mawili. Nilikuwa na kijiba cha roho, nikakilea kama mtoto.

Na hapa niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema. Jumapili nilikuwa namsubiri. Nilikuwa namchukia, na saa nne ikifika naangalia njia.

Hujui upweke wa mtu asiyesikia ulivyo. Watu hawakutukani, hawakufukuzi. Wanakufupishia. Wamekaa barazani wanacheka mpaka wanashikana mabega, wewe unauliza mmecheka nini, mmoja anakugeukia anasema, "Aa, hamna, Mama Sharifa, mambo tu." Wameongea nusu saa, wewe unapewa neno moja: mambo tu. Watoto wangu ndio usiseme. Sharifa ana haraka, anageuza uso katikati ya sentensi, mwisho wake anaumalizia kwenye friji. Simu za mkononi zilipokuja ikawa balaa zaidi, kila mtu anaongea na kiganja chake, uso ameuficha, simu imeziba mdomo. Mtu mmoja tu katika mji huu alikuwa ananipa habari yote na chumvi yake, uso wake mbele yangu, bila kufupisha hata neno, na mtu huyo ndiye aliyenimaliza. Nilikuwa nakaa naye, nasoma, nacheka kwa ndani, nanuna kwa nje. Miaka tisa.

Kosa lilikuwa langu, kama kusema nililolisema ni kosa. Ilikuwa Jumapili ya mwaka elfu mbili na sita. Aliniambia binti yangu mdogo ana mimba, ameambiwa sokoni, na kwamba nisiwe mkali. Sikuwa najua. Damu ikanipanda. Nikamwambia, na sauti yangu sijui ilikuwa kubwa kiasi gani maana jirani alichungulia, "Siri zangu umezishika siku nyingi. Hii nayo kampelekee Hatibu. Ukifika ufunge mlango."

Uso wake sijauona tena uso wa namna ile. Alikaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Akasema, "Uliniona?" Nikasema, "Nilikuona na nilikusoma." Akafungua mdomo, nikainuka, nikaingia ndani, nikamwacha na makabichi yake uani. Alikaa pale muda mrefu, Sharifa ndiye aliyeniambia. Halafu akaondoka.

Jumapili iliyofuata alikuja mapema, hata misa nadhani hakwenda. Nilikuwa nimekaa uani nachambua mchele. Hakusalimia. Alivuta kigoda, akakiweka mbele yangu karibu kabisa, magoti yanagusana, akauondoa ungo mapajani mwangu, akauweka chini. Akanishika kidevu, kama tulivyokuwa tunafanya zamani mtu akiwa haangalii. Akasema, "Semeni. Siku ile kwa Hatibu, aliniuliza," na mimi nikafumba macho.

Ndiyo. Nilifumba.

Wewe ukitaka kutomsikia mtu itabidi uondoke, au uzibe masikio, na hata hivyo kitu kitapenya. Mimi ninafumba macho tu na dunia nzima inanyamaza. Nilijua ninachofanya, naye alijua. Nilisikia mikono yake kwenye magoti yangu, na nilijua anasema, maana pumzi yake ilikuwa inanifikia usoni, fupi fupi, kama pumzi ya mtu anayeongea. Alisema kwa muda mrefu. Kuna wakati alinitikisa. Kuna wakati kitu cha moto kilinidondokea kwenye mkono. Sikufumbua.

Utaniuliza kwa nini. Miaka tisa nilikuwa nasubiri mdomo ule useme, na uliposema niliona kwamba anataka kuninyang'anya hasira yangu, na hasira ilikuwa ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kiwandani. Nilisema, aonje naye. Aonje kusema mbele ya mtu asiyetaka kusikia. Nilipofumbua, alikuwa ameshanyamaza, ananitazama, midomo imefungwa. Nikaokota ungo wangu. Akainuka.

Hakurudi. Jumapili ya kwanza nilisema afadhali. Ya pili niliangalia njia. Ya tano nilimtuma Sharifa Bigwa, akakuta chumba kina mpangaji mwingine. Eufrazia alikuwa amerudi Mgeta, kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Nikasema atashuka tu, mboga haziuziki kule. Kupanda kwenda kumtafuta sikupanda. Miaka mitatu. Kila siku malori ya Mgeta yanashuka hapa na makabichi, na kila siku yanapanda matupu, ningeweza kudandia lolote.

Habari ililetwa na Rahel mwenyewe, mwaka elfu mbili na tisa. Alikuja amevaa khanga nyeusi, sikuhitaji kusoma midomo. Presha, alisema, usingizini. Nilipanda lori lile lile la makabichi. Mgeta ni baridi, milima imekatwa matuta mpaka juu, na njia ya kwenda kaburini inateleza. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Niliwaona wafumaji wa zamani, tumezeeka wote, tumevimba miguu. Nilisimama upande mmoja wa kaburi, na upande wa pili, kati ya wanawake wa ukoo, alikuwa amesimama Asha wa Mafiga.

Padri alikuwa anasoma. Watu wameinamisha vichwa. Asha aliniangalia, na bila sauti, kama tuko ukumbini, akasema, "Alikuambia?"

Nikamuuliza kwa midomo, "Nini?"

Akagusa sikio mara mbili.

Nilihisi baridi ya Mgeta imeniingia mifupani. Alama ile ilikuwa yetu sisi wawili. Kama Asha anayo, basi Eufrazia alimwambia, na kama alimwambia, alimwambia yote, na nusu ya Hatibu pia. Maana mimi niliona nusu. Hilo nalijua, nimelijua siku zote, sijawahi kulisema mpaka sasa. Mgongo wa Hatibu haukuwa na midomo. Aliuliza nini mle ndani? Alisema jina langu tayari liko kwenye orodha, na Eufrazia akaenda kunitafutia barua ya afya ili nilipwe kabla fungu halijaisha? Au alisema chagua, wewe au yeye? Na hata kama ni la kwanza, siri ilikuwa yangu, kwa nini hakuniuliza? Yote hayo yalinipita pale kaburini, na Asha anasubiri, kidevu amekiinua, na sura yake ilikuwa ya mtu anayejua. Ningesema tu hakuniambia. Ni neno moja.

Lakini ningesemaje? Kwamba alikuja mpaka magotini kwangu, akaniambia, akalia, na mimi nilikuwa nimefumba macho? Mbele ya jeneza?

Nikasema, "Aliniambia."

Asha akashusha mabega. Akasema, "Afadhali. Jambo lile lilimtesa sana." Halafu akainamisha kichwa, kwa sababu walikuwa wanaanza kuweka udongo.

Siku hizi Asha ndiye ninayeongea naye. Kila Ijumaa anakuja kutoka Mafiga, ananunua vitumbua vinne, anakaa kwenye benchi hapa, ananipa habari. Hana ulimi wa Eufrazia, anarudiarudia, lakini hafupishi. Mtu wa ukumbi wa kufumia ni yeye tu aliyebaki. Mara nyingi nimemwambia Sharifa nitamuuliza Asha jambo moja, na Sharifa ananiuliza jambo gani, nami namjibu kama wanavyonijibu wao, mambo tu. Siwezi. Nikimuuliza atajua nilidanganya kaburini, na atajua kwa nini. Na jibu lenyewe naliogopa. Akiniambia Eufrazia alinichongea, nimempoteza rafiki. Akiniambia alikuwa ananiokoa, basi ile miaka tisa ya chai isiyo na maneno, na ile mitatu ya malori matupu, niliiteketeza mwenyewe kwa mikono yangu. Naona bora nisijue. Halafu Ijumaa inafika na siwezi kuacha kusubiri kwamba labda leo atalitaja mwenyewe, kwa bahati tu, katikati ya habari za mchele.

Juzi aliniuliza kwa nini namkazia macho mdomoni hata akiwa amenyamaza. Nikamwambia ndivyo ninavyosikia.